Tembo la Mgema na Tembo ya Chupa: Kuonja Bia ya Kaharabu Mutoshi

Neno tembo lina maana mbili kwa msemaji wa Kiswahili cha pwani: mnyama mwenye mkonga, na pombe ya mnazi. Maana hii ya pili ndiyo iliyohifadhiwa katika methali isemayo, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Mutoshi, kando ya mji wa Kolwezi, ni nchi ya shaba na kobalti iliyo juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, mnazi haugemwi huko. Tembo ya huko ni bia ya chupa, itengenezwayo Lubumbashi na kiwanda kilekile kitoacho bia ya Simba. Walioibatiza walimkusudia mnyama. Hata hivyo lugha, bila kushauriwa, imelirudisha neno katika ukoo wake wa vileo, na kwa hiyo methali ya mgema inaihusu bia hii pia.

Uhakiki wa kinywaji hiki uanze na rangi. Simba ni ya manjano ya dhahabu. Tembo imekolea zaidi, nayo ikiinuliwa kwenye mwanga hukaribia kaharabu iliyoiva. Laga za rangi hiyo zilipata sura yake karibu na mji wa Vienna mwaka 1841, Anton Dreher alipooanisha kimea kilichokaushwa kwa joto kubwa zaidi na hamira ichachayo polepole katika ubaridi. Joto hilo ndilo liletalo ladha ya ganda la mkate na ya sukari iliyoungua kidogo. Katika bia ya namna hii rangi ni ahadi, na kazi ya mwonjaji ni kupima kama ulimi umelipwa kile ambacho jicho liliahidiwa.

Upimaji huo una kikwazo chake Mutoshi. Mgodi wa hapo, ulioitwa Ruwe zama za ukoloni, umechimbwa kwa mitambo na kwa mikono. Na atokaye mgodini huja na koo lililojaa vumbi. Glasi ya kwanza huosha koo, wala haionjwi. Tena hunywewa baridi sana, na ubaridi huufisha ulimi. Mwonjaji mwadilifu hana budi kuingoja glasi ya pili, chupa kubwa ikiwa imeanza kupoteza baridi yake mezani.

Hapo ndipo Tembo inapojieleza. Utamu wa kimea hutangulia, mzito kuliko wa Simba. Uchungu wa hopsi hufuata kwa unyonge. Ukakasi ni mdogo mno. Ahadi ya jicho imelipwa, lakini nusu. Mwanzo wa funda ni mpana, mwisho wake ni mfupi. Na kadiri joto linavyopanda, utamu hubaki peke yake bila mshindani. Munkoyo, kinywaji cha nyumbani cha mahindi na mizizi, nacho ni kitamu, lakini uchachu wake huuzuia utamu usichoshe. Tembo haina uchachu huo, nao uchungu uliopaswa kushika nafasi hiyo hautoshi.

Kasoro hiyo hupungua chakula kinapoletwa. Pamoja na michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, chumvi na moshi hukamilisha kile ambacho hopsi ilikiacha. Utamu wa kimea nao hupoza pilipili. Hukumu ya haki, basi, ni kwamba Tembo ni bia njema ya mezani na bia ya wastani ikiwa peke yake. Wanaoipenda kwa sababu ya "nguvu" yake wasiipime kwa jicho: rangi iliyokolea si kipimo cha kilevi.

Kosa hilo la mwisho ni la lugha pia. Katika mazungumzo ya baa neno kali hubebeshwa mizigo mingi mno: uchungu, uchachu, wingi wa kilevi, hata ubaridi. Lebo za chupa nazo husema Kifaransa. Hali Kiswahili kina uchungu, ukakasi, uchachu, kimea na kaharabu, maneno yatoshayo kuihukumu bia ya wafanyakazi kwa makini yaleyale yanayotumika kuhukumu utenzi. Anayekosa neno la kasoro hawezi kumdai mtengenezaji airekebishe. Hubaki kusifu au kunyamaza. Na mgema, awe juu ya mnazi au kiwandani, akisikia sifa tupu ataendelea kutia maji. Tembo yastahili kusifiwa kwa kimea chake, na kudaiwa uchungu wake.