Sindano Huja Mwisho

Kazi ya kuchanja mbwa huanza na baridi. Gari la mifugo likishasimama kando ya uwanja wa shule, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Serengeti, daktari hashuki na sindano. Anashuka na sanduku la chanjo. Analiweka kivulini, analifungua kidogo tu, anasoma kipimajoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda imeharibika, ndiyo maana ametandika kitambaa kati ya vichupa na pakiti za barafu. Anapitisha kidole kuhakikisha hakuna kichupa kilichoteleza kikagusa barafu, kisha anafunga. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba aina moja ya chanjo hii hubaki na nguvu yake hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, habari njema kwa vijiji visivyo na friji. Habari hiyo anaijua. Bado hufungua kifuniko kidogo tu.

Kinachofuata ni kupanga uwanja. Meza inawekwa chini ya mwembe, foleni ije kwa upande mmoja na itokee upande mwingine, ili mbwa anayetoka asikutane uso kwa uso na anayengoja. Wanaoleta mbwa ni watoto zaidi kuliko wazazi. Wanakuja nao kwa kamba za katani, minyororo, vipande vya mpira wa baiskeli, mmoja kwa kanga ambayo sidhani mama yake amearifiwa.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, mwanangu. Simama penye jiwe hilo. Mbwa akae nyuma yako."

Hawa ni mbwa wa kulinda boma na kufuata ng'ombe. Wanalishwa, wana majina, Simba na Popi na Askari, lakini hawajazoea kushikwa na mgeni. Hapo ndipo ufundi wa daktari huyu ulipo, nami nilichelewa kuuona kwa sababu macho yangu yalikuwa yanaitafuta sindano. Hamwendei mbwa kwa mbele. Anamjia kwa ubavu, amechuchumaa, macho yakiangalia pembeni, huku akizungumza na mtoto habari za shule. Sauti yake haipandi wala haishuki. Mbwa anainua pua, anamnusa mkono, anaamua.

Kwa mbwa mwenye wasiwasi anachukua utepe wa bandeji. Anatengeneza kitanzi kikubwa, anakipitisha juu ya pua, anakivuta kikaze mdomo. Ncha mbili anazivusha chini ya taya na kuzifunga nyuma ya masikio, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Fundo hilo nililitazama sana. Lingekuwa gumu, mbwa angebaki amefungwa sekunde nyingi baada ya kazi kwisha, na mwakani angelikumbuka gari hili.

Sasa kichupa. Anakitikisa polepole, anafuta kizibo cha mpira, anavuta mililita moja, anasukuma povu la hewa litoke. Yote haya huyafanya amempa mbwa mgongo. Kisha anageuka, na kwa vidole vya mkono wa kushoto anainua ngozi iliyolegea kati ya mabega hadi ijikunje kama kihema. Sindano inaingia chini, kwenye kitako cha mkunjo huo, si kwenye kilele, kwani kileleni ingetokea upande wa pili. Anavuta kidogo kuangalia kama kuna damu. Hakuna. Anasukuma, anachomoa, anapapasa manyoya. Yakiwa na majimaji, dawa imemwagika nje na lazima arudie. Yamekauka. Sindano inatupwa kwenye boksi la usalama, utepe unafunguliwa, na mbwa anajikung'uta akionekana kutojua kilichompata.

Paka ni habari nyingine. Huletwa ndani ya viroba, na kiroba kikifunguliwa kwa pupa paka yuko juu ya mwembe. Daktari hakifungui. Anampapasa kwa nje mpaka ajue kichwa kiko wapi, anakunja mdomo wa kiroba taratibu hadi shingo na mabega tu yatokeze, miguu yote minne ikiwa bado ndani. Msaidizi anashika, yeye anachoma. Paka anatoa sauti moja ya hasira, basi.

Binti mmoja amebeba vitoto vya mbwa ndani ya beseni, akiwa ameambiwa na mtu kwamba ni vidogo mno. Daktari anavichanja vyote. Maelekezo ya kawaida husema miezi mitatu, lakini kwenye kampeni kama hii huchanjwa hata vya umri mdogo zaidi, kwa kuwa vikiachwa leo vitakaa bila kinga hadi gari lirudi, na watoto ndio hucheza navyo.

Kwa nini uangalifu wote huu? Virusi vya kichaa husafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishatokea kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbilie hospitali apate chanjo yake. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliukomesha ugonjwa huu. Ukaingia tena, ukakomeshwa tena.

Mzee mmoja ana mbwa asiyeshikika. Vijana wanataka kumkimbiza. Daktari anawazuia, anamwomba mzee akae chini na kipande cha ugali, naye anaendelea na foleni. Inapita muda mrefu. Mbwa anasogea, anakula, mzee anamshika shingoni kwa mkono anaoufahamu. "Mshike hivyo hivyo, baba," daktari anasema, na tayari ameshamaliza.

Kila aliyechanjwa anaandikwa kwenye daftari, mwenyewe anapewa cheti, na mbwa anavalishwa kola ya kitambaa. Baadaye mtu wa timu hupita njia za kijiji akihesabu wenye kola na wasio nayo. Lengo ni asilimia 70, kiwango kinachoweza kuuzuia ugonjwa usisambae hata mbwa wengine wakifa na vitoto vipya vikizaliwa kabla ya mwaka kwisha. Karatasi ya leo inaonyesha vitongoji vingi vimevuka. Kimoja, ng'ambo ya mto, kola ni chache. Daktari anahesabu vichupa vilivyobaki, anapanga upya pakiti za barafu, anauliza ni nani ana pikipiki.