Saa Nne Usiku Buenos Aires: Chakula na Tango Vinavyogawana Ukumbi Mmoja

Nyumba za tango za Buenos Aires huuza vitu viwili kwa tiketi moja, na vitu hivyo havipatani. Chakula kinataka mwanga, mazungumzo, wahudumu wanaopishana na mlaji asiyeharakishwa. Tango la jukwaani linataka giza, utulivu na macho yasiyo na kazi nyingine. Kila nyumba ina namna yake ya kuvipatanisha, na mtu anayepanga kwenda huko akiielewa namna hiyo atachagua vizuri kuliko yule anayelinganisha bei na picha za nyama.

Ratiba karibu zote zinafanana. Basi dogo huwapitia wageni hotelini mnamo saa mbili usiku au kabla kidogo. Chakula huanza kama saa mbili na nusu, onyesho saa nne au dakika chache baadaye, na inapokaribia saa sita usiku watu wanatafuta makoti yao. Kwa wenyeji huko si kuchelewa, maana chakula cha usiku Buenos Aires huliwa saa tatu, hata saa nne. Ugumu uko kwenye mwili wa anayetoka Afrika Mashariki. Argentina iko nyuma yetu kwa saa 6, kwa hiyo saa nne usiku ya kule ni saa kumi alfajiri ya Dar es Salaam na Nairobi. Onyesho linapokwisha, kwetu kumekucha. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na mipango ya safari inayoweka tango usiku wa kwanza, eti kumkaribisha mgeni. Mgeni huyo atasinzia kwenye wimbo wa tatu, hasa kama glasi ya mvinyo wa Malbec imeshapita. Liache hadi usiku wa tatu au wa nne, na mchana wake ulale kidogo.

Sasa jikoni. Kutoka saa mbili na nusu hadi saa nne ni dakika 90, na ndani yake zinapita sahani tatu kwa mamia ya watu walioingia karibu kwa pamoja. Ukiitazama menyu kwa jicho la mpishi utaona ilivyojengwa kukwepa msongamano. Cha kwanza mara nyingi ni empanada, ambayo yafanana sana na sambusa iliyookwa, na inaweza kuandaliwa mapema. Cha mwisho ni flan au chapati laini zenye dulce de leche, yaani maziwa yaliyopikwa na sukari hadi yakawa mazito, vitu visivyomsubiri mtu jikoni. Kinachopikwa kwa agizo la mlaji ni kimoja tu, cha katikati: bife de chorizo, pande nene la nyama ya ng'ombe lisilo na mfupa, linalochomwa polepole juu ya wavu. Hapo ndipo usiku mzima unapoweza kukwama. Mhudumu atauliza unaitaka vipi: jugoso, yaani yenye damu na majimaji; a punto, ya wastani; au bien cocido, iliyoiva kabisa. Wengi wetu tumelelewa kwenye nyama iliyoiva, na hakuna ubaya kuitaka hivyo, ila pande nene kama lile likiombwa bien cocido litakaa motoni muda mrefu kuliko mengine na kufika mezani mwisho. Kwa hiyo anayelitaka hivyo aagize mara tu anapoketi, kabla ya mazungumzo kukolea. Na asiyekula nyama hiyo, kwa sababu ya dini au nyingine yoyote, asijilazimishe: nyumba nyingi huuza tiketi ya onyesho peke yake, na mtu anaweza kula anapopataka kisha akaingia saa tatu na nusu.

Tatizo lenyewe liko pale sahani zinapokoma na muziki unapoanza. Hapo nitazilinganisha nyumba mbili.

El Viejo Almacén iko mtaa wa San Telmo, kwenye pembe ya barabara za Balcarce na Independencia. Mwimbaji Edmundo Rivero aliifungua mwaka 1969, wakati mbaya kwa tango. Okestra kubwa za miaka ya 1940 zilikuwa zimeelemewa na gharama, vijana walikuwa wamehamia kwenye roki, na kumbi za dansi zilikuwa zimepungua. Rivero, mwenye sauti nzito ya besi isiyo ya kawaida kwa waimbaji wa tango, alitaka mahali padogo pa kusikiliza: watu wameketi, wamenyamaza, hawachezi. Wasafiri wengi hawalijui jambo hili, kwamba nyumba hizi zilianza kama nyumba za masikio kabla hazijawa nyumba za macho.

Na hadi leo El Viejo Almacén imelinda msingi huo kwa njia rahisi kuliko zote: mkahawa uko upande mmoja wa barabara, ukumbi wa onyesho upande wa pili. Mgeni anakula, anainuka, anatoka nje kwenye baridi ya San Telmo, anavuka barabara na kuingia katika jengo la kale ambako hakuna sahani wala harufu ya jiko. Mwendo huo mfupi unafanya kazi kubwa. Unamlazimisha kila mtu kumaliza kula, kwa kuwa meza haiendi naye. Unavunja mazungumzo. Unampa mlaji hewa na kumwamsha. Na humo ndani wanamuziki wanawakuta wasikilizaji, si walaji. Ukumbi wenyewe ni mdogo, jukwaa liko karibu, na unasikia viatu vya wachezaji vikisugua mbao.

Esquina Carlos Gardel imechukua njia nyingine. Iko Abasto, mtaa aliokulia mwimbaji Gardel, jirani na jengo la soko kuu la zamani ambalo mwaka 1998 lilifunguliwa upya kama jengo la maduka. Pale unakula kwenye meza ile ile utakayotazamia onyesho, ndani ya ukumbi mkubwa wenye jukwaa pana. Faida yake ni mapambo, okestra yenye nafasi, na jozi nyingi za wachezaji zinazoweza kutawanyika bila kugongana. Hasara yake ni kwamba mshono kati ya chakula na tango unategemea nidhamu ya wahudumu: lazima sahani ya mwisho iwe imeondoka kabla taa hazijazimwa. Nyumba za namna hii zinapofanya vizuri, utaona katika dakika za mwisho wahudumu wanapita kwa kasi wakijaza glasi ili wasirudi tena. Zinapofanya vibaya, kitamutamu kinakuja gizani na mtu wa nyuma yako anaulizia bili katikati ya wimbo.

Kwa nini nakazania kelele kiasi hiki? Kwa sababu tango la kawaida halina ngoma. Kikundi chake cha msingi, kilichokomazwa na mwanamuziki Julio de Caro tangu 1924, ni cha watu sita: bandoneoni mbili, fidla mbili, piano na besi kubwa ya kusimama. Msikilizaji wa taarab ya Unguja ataona sura anazozijua, fidla na besi, na bandoneoni mahali pa kodiani. Lakini pigo la tango limefichwa ndani ya vyombo hivyo. Besi na mkono wa kushoto wa piano huiburuta noti kitambo kidogo kabla ya pigo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu wote wanatua pamoja. Mcheza tango huukanyaga mvuto huo. Uma mmoja ukigonga sahani wakati ule, umeupoteza, na bila huo unachobaki nacho ni watu wanaorusha miguu.

Ukipata nafasi karibu, mtazame mpiga bandoneoni kwa dakika nzima bila kuwatazama wachezaji. Chombo kina vitufe 71, vya kulia 38 na vya kushoto 33, na vingi hutoa noti moja mvukuto unapofunguka na nyingine unapofunga, hivyo ni sawa na kujifunza kinanda mara mbili. Kiko mapajani. Anapotaka mkazo mkali, huinua goti na kuliachia, uzito wa chombo uvute hewa kwa kishindo. Bandoneoni zinazothaminiwa zaidi zilitengenezwa Ujerumani na kiwanda cha Alfred Arnold kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo yawezekana chombo kinacholia mbele yako kimewazidi umri wote waliomo ukumbini.

Kuhusu mahali pa kuketi, bei hudanganya. Meza za mbele kabisa huuzwa ghali, na kwa anayependa nyuso na waimbaji zinafaa. Ila jukwaa linapokuwa juu, aliye chini yake huona magoti na hukosa sakafu, na tango linaandikwa sakafuni: mguu unaochora duara, kisigino kinachoingia kati ya miguu ya mwenzake na kunasa kwa nukta moja kisha kutoka. Mimi ningechagua safu ya katikati iliyoinuka kidogo, au roshani ya kwanza mbele. Pia meza ya chakula huwaketisha watu wakitazamana, maana yake nusu yao wameligeuzia jukwaa mgongo. Unapoagiza nafasi, uliza viti vinaelekea wapi, na kama mko wawili ombeni kuketi upande kwa upande.

Onyesho lenyewe huenda kwa historia. Huanzia ua wa nyumba za wahamiaji maskini mwishoni mwa karne ya 19, linapitia enzi ya Gardel, aliyekufa katika ajali ya ndege Medellín mwaka 1935, linafika kwenye okestra za miaka ya 1940, halafu mtunzi Piazzolla, na mara nyingi kufunga ni La Cumparsita, utungo wa Gerardo Matos Rodríguez wa Montevideo. Katikati hutokea jambo linalowashangaza wengi: anaingia mtu wa mashambani na viatu virefu, anazungusha boleadoras, zile kamba zenye uzito mwisho, akizigonga sakafuni kwa kasi inayotisha. Hilo si tango hata kidogo. Lakini tazama kiufundi: wakati huo jozi zote ziko nyuma zikibadili mavazi na kupumua, na wanamuziki wamepumzisha mikono. Nyimbo za mwimbaji wa kiume na wa kike zimepangwa kwa hesabu hiyo hiyo. Ukilijua hilo hutalalamika kwamba wachezaji wamepotea. Utajua kinachokuja kitahitaji nguvu.

Umbo hili la jozi nyingi zenye miondoko iliyopangwa halikutoka kwa Rivero. Lilienea baada ya Tango Argentino, onyesho la Claudio Segovia na Héctor Orezzoli lililoanza Paris mwaka 1983 na kufika Broadway 1985, likiwa na wachezaji kama Juan Carlos Copes na María Nieves. Dunia ilipowashangilia wachezaji, nyumba za Buenos Aires ziliwapa jukwaa. Naliheshimu onyesho lile, maana liliamsha tango duniani kote, ila naona mwimbaji na okestra wamesogezwa pembeni kuliko wanavyostahili.

Kuna pengo jingine linaloniuma zaidi. Hadithi ya jukwaani mara nyingi huanza na mhamiaji wa Kiitaliano, wakati San Telmo na Monserrat zilikuwa mitaa ya watu weusi na ngoma zao kabla hajafika. Rosendo Mendizábal, aliyetunga El Entrerriano mwaka 1897, moja ya tango za mwanzo kabisa zenye mtunzi anayejulikana, alikuwa Mwargentina mweusi. Na miongoni mwa Waafrika waliopelekwa kwa nguvu Río de la Plata, wengi walisafirishwa kutoka Msumbiji. Pwani yetu imo katika habari hii. Nyumba inayofungua onyesho lake kwa candombe, ngoma ya watu hao, naipa alama za juu hata kama nyama yake ni ngumu, na ningemshauri yeyote aulize hilo anapochagua.

Taa zikiwaka saa sita, usiku wa wenyeji bado mbichi. Milonga, yaani dansi ya watu wenyewe, huwa imepamba moto saa hizo katika kumbi kama Salón Canning, mtaa wa Palermo. Usitegemee kukuta ulichokiona jukwaani. Mashindano ya dunia ya tango, yanayofanyika Buenos Aires tangu 2003, hutenganisha tango la jukwaa na tango la sakafu, na kwa sababu nzuri: mguu ukirushwa juu katikati ya watu utamjeruhi mtu. Kwenye milonga jozi zote huzunguka ukumbi kinyume na mishale ya saa, kumbato halivunjwi, hatua ni fupi. Nyimbo hupigwa tatu au nne mfululizo, kisha kipande cha muziki mwingine kinawaruhusu watu kurudi mezani na kubadilishana wenzi. Mwaliko ni wa macho: mwanamume anatazama, mwanamke akikubali hurudisha macho, na kichwa kinainama kidogo. Kama huchezi, agiza kinywaji, keti mbali na ukingo wa sakafu usije ukawazuia wanaopita, na usikaze macho kwa mtu, maana utakuwa umemwalika.