Picha Zote ni za Dari

Marafiki wanaorudi kutoka Padova, Italia, huja na picha ileile: dari ya buluu ya kanisa dogo la Scrovegni, nyota za dhahabu, basi. Ni tamu, sikatai. Lakini Giotto hakuchora dari peke yake.

Kanisa hilo, lililowekwa wakfu mwaka 1305, lilijengwa na Enrico Scrovegni, tajiri ambaye baba yake alikuwa mla riba. Dante alimweka mzee huyo jehanamu. Sasa kwenye ukuta wa magharibi, katika Hukumu ya Mwisho, Enrico amepiga magoti upande wa waliookoka, akimtolea Maria mfano wa kanisa lenyewe. Upande wa pili, watu wamenyongwa kwa kamba za mifuko yao ya pesa. Mwenye kulipa ndiye huyohuyo! Mimi nina deni la mkopo wa simu, kwa hivyo kamba hizo nilizisoma vizuri.

Mgeni hupewa kama dakika 15 humo ndani. Simu ikiinuliwa juu, shingo nayo inafuata. Mwishowe rafiki mmoja alinitumia picha ya ukuta huo. Alikuwa ameikata: Enrico yumo, walionyongwa hawamo.