Chura wa Bashō Asiyelia

Mwaka 1686 Matsuo Bashō, aliyekuwa akiishi Fukagawa, kando ya jiji la Edo ambalo leo ni Tokyo, alitunga haiku, shairi la mizani 17, kuhusu chura anayeruka majini. Mizani 17 ni mishororo miwili ya utenzi na mizani moja ya ziada. Humo majira ya kuchipua yameshafika, ingawa hayakutajwa.

Chura ndiye anayeyatangaza. Kwa desturi, haiku hubeba neno moja la msimu, nayo maneno hayo yamekusanywa katika vitabu viitwavyo saijiki. Chura yumo upande wa majira ya kuchipua. Msomaji wa Kijapani akimwona tu, anajua baridi imekwisha.

Tatizo ni kwamba chura alikuwa amechoshwa na washairi. Utangulizi wa diwani ya Kokinshū, wa mwaka 905 hivi, unamhesabu miongoni mwa viumbe waimbao, na kwa karne nyingi watunzi walimsikiliza akilia karibu na yamabuki, ua la manjano linalopenda kingo za maji. Bashō akamnyima sauti. Chura wake anaruka tu, na kinachosikika ni maji.

Kagami Shikō, mwanafunzi wake, ameandika kwamba sehemu ya chura ilitangulia kupatikana, mwanzo ukakosekana. Takarai Kikaku, mwanafunzi mwenzake, akapendekeza yamabuki. Halikuwa pendekezo la kijinga: ua hilo lina rangi na lina asili katika ushairi. Lakini lingeleta neno la pili la msimu na kumrudisha chura palepale alipozoeleka. Bashō akachagua bwawa kuukuu, kitu kisicho na msimu wowote, kisha akaweka mkato baada ya mizani 5 za kwanza. Utulivu unatangulia, mshindo unafuata. Bila utulivu huo, nani angesikia mruko wa mnyama mdogo kiasi hicho?

Hapo ndipo ufundi ulipo zaidi kuliko katika kuhesabu mizani, jambo ambalo waigaji wengi huliona kuwa ndilo haiku yenyewe.

Vikundi vya haiku nchini Japani bado hutoka nje kutafuta vitu vya msimu kama chura huyo, katika matembezi yaitwayo ginkō. Wakirejea hukaa kikao cha kukai, ambako kila mmoja huchagua mashairi yaliyomvutia kabla ya majina ya watunzi kutajwa.