Kinyota Mwishoni mwa Neno

Mwaka jana nusura nifungue pendekezo langu la utafiti kwa ile sentensi tunayoipenda sote: kwamba mada yangu haijafanyiwa utafiti wa kutosha. Ushahidi nilikuwa nao. Katika katalogi ya maktaba ya chuo chetu hapa Kampala niliandika "Utenzi wa Mwana Kupona", nikajibiwa kwamba hakuna kilichopatikana.

Msimamizi wangu aliisoma sentensi hiyo, akauliza jambo moja tu: "Ulitafuta kwa tahajia gani?"

Mwana Kupona alimtungia binti yake shairi hilo mwaka 1858, kwa lahaja ya kaskazini, na huko husemwa utendi. Alice Werner na William Hichens walipolichapisha mwaka 1934, kitabu kilipewa jina la Kiingereza, The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty. J. W. T. Allen naye alilijumuisha pamoja na mengine katika Tendi, mwaka 1971, na jina la mama huyu halimo katika jina la kitabu. Nilipoandika "Allen" tu, Tendi kikajitokeza. Kilikuwa rafuni siku zote, ghorofa ileile niliyokuwa nimeketi.

Katika mafunzo ya maktaba ya mwaka wa kwanza tulifundishwa kuweka kinyota mwishoni mwa mzizi wa neno: andika poet* upate poet, poets na poetry. Ushauri huo unaifaa lugha inayobadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani pia, na katika nomino hasa huko: shairi na mashairi, mshairi na washairi, utendi na tendi. Kinyota cha mwishoni hakiyaunganishi hayo, na hifadhidata nyingi hazikubali kinyota kitangulie neno. (La kuaibisha ni kwamba wengi wetu tumelelewa kwa Kiganda, chenye omuntu na abantu, na hakuna aliyenyosha mkono kuuliza.) Nilijaribu tend* katika hifadhidata ya makala. Nikaletewa zabuni za serikali, kano za miguu ya wanariadha na mielekeo ya masoko, kwa kuwa Kiingereza kina tender, tendon na tendency.

Hata jina la lugha lina mtego wake. Vichwa vya mada vinavyofuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani huandika Swahili, bila ki-. Anayeandika Kiswahili hupata hasa vitabu vyenye neno hilo katika jina au maelezo yake.

Wapo wenzangu wanaosema kosa ni la mtafutaji. Nusu nakubali, mkutubi angenisaidia kwa dakika tano, nami sikumwendea. Lakini rekodi ya Tendi isiyotaja tendi zilizomo ndani ni rekodi pungufu, na kuongeza mistari michache ya yaliyomo si kazi kubwa. Walimu wetu nao wanalipokea "pengo la utafiti" kwa wepesi mno. Ningependa kila pengo liambatane na orodha ya maneno yaliyotafutwa, pamoja na tahajia zake, ili msomaji ajionee kama ni pengo kweli au ni herufi z iliyokaa mahali pa d.

Sentensi yangu niliifuta. Mahali pake sasa pana kurasa tatu za kujibizana na Werner na Allen, na bado sijamaliza.