Mzigo Unaoning'inia

Huko machimboni Mwakitolyo watu wanaujua mzigo unaoning'inia. Mchimbaji anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, huangalia kamba, huangalia matimba yanayozuia shimo lisibomoke, kisha humtazama usoni mwenzake aliyeshika winchi. Nadhani ndipo mafundi magari wa huku Shinyanga Vijijini walipoipata ile adabu yao ya kushusha injini uani kwa mtu.

Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, cc 4,164, iliyochoshwa na vumbi na viroba vya mawe ya kupeleka karasha. Uzito wa injini hiyo unawazidi wanaume watatu. Fundi haikimbilii. Anatafuta ardhi ngumu iliyo sawa, anaweka kabari kwenye magurudumu, anachomoa betri akianza na hasi, maana ukianza na chanya spana ikagusa bodi, cheche zinaruka. Maji ya rejeta na oili anavimwaga injini ikiwa imepoa. Kila waya anaufunga kitambaa chenye alama. Kila bolti inarudi kwenye tundu lake au kwenye kopo lake. Mpita njia huona muda unapotea hapo. Mimi naona ndipo ufundi ulipo: anayefungua leo anamhurumia atakayefunga wiki ijayo.

Giaboksi ndiyo inayoupima mkono. Gari linanyanyuliwa na kukalishwa juu ya stendi, kwa kuwa jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Giaboksi inaegemezwa vizuri, inavutwa nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti yake itoke kwenye klachi. Ukiiacha ining'inie kwenye shafti hiyo, klachi pleti inapinda, na utaijua siku gari litakapokataa kuingia gia.

Halafu chenibloku ya kuinulia injini, inayohitaji pa kutundikwa. Mwembe unashawishi, jamani: kivuli kipo, tawi nene lipo. Lakini tawi laweza kuwa limeoza ndani na gome lake likang'aa. Fundi wa kweli anasimamisha miguu mitatu ya chuma, anaifunga chini isitanuke, anainua injini kiasi cha vidole viwili, kisha anaacha kuvuta. Anatazama kulabu. Anasikiliza. Kimya hicho kifupi nakipenda kuliko hatua nyingine yoyote ya kazi hii. Akiridhika, mnyororo unaanza tena, na hakuna mkono wala mguu unaopita chini ya chuma kile. Injini ikishavuka boneti, miguu haihamishwi. Gari, ambalo lilishashushwa kutoka kwenye stendi na sasa limeondolewa kabari, ndilo linalosukumwa nyuma taratibu. Injini inashushwa pale pale, juu ya tairi kuukuu.

Wewe mwenye gari, usimharakishe. Mletee maji ya kunywa, waondoe watoto uani, umwache amalize.