Picha Yenye Misalaba Mitatu

Tshibumba Kanda Matulu, muzaliwa wa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia ya inchi yetu juu ya vitambaa vya mifuko ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alieleza picha zake kama 100, kwa Kiswahili, mbele ya mwalimu Johannes Fabian, na maneno yake yakatiwa katika kitabu mwaka 1996. Tunapenda waseminari wakisome, na wasikisome mbiombio.

Tshibumba alijiita muchoraji na tena mutu wa historia. Ni kusema, kwake haitoshi picha ifanane na kitu. Inapaswa kukumbusha na kuwazisha. Wenye kununua picha kule Shaba walikuwa na neno lao, ukumbusho, na walizitundika katika saloni, pahali wageni wanakaa. Kipimo hicho tunakikubali. Mwaka 600 Mutakatifu Gregorio Mukubwa alimukaripia Serenus, askofu wa Marseille, aliyevunja sanamu, akimwambia kama picha zinafundisha wasiojua kusoma.

Lakini iko picha moja inayotusimamisha. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala wamekufa, na nyuma yao misalaba mitatu inasimama. Muchoraji hakuficha wazo lake: Lumumba ni Bwana Yezu wa inchi hii. Katekista mumoja atasema, kufuru! Sisi hatusemi haraka namna hiyo. Tshibumba hakudai kama misalaba ilikuwako pale tarehe 17 Januari 1961. Aliiweka ili tuwaze juu ya mutu aliyeuawa na wakubwa. Mahubiri mengi yanafanya vivyo hivyo, na pengine vibaya zaidi.

Ila sisi wa ziwani tuna shida yetu. Tarehe 28 Novemba 1964, waasi, ambao wengi wao walilitaja jina la Lumumba, walimuua Frère Vittorio Faccin pale Baraka. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Akatoka, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa. Siku ileile, kule Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert, muzaliwa wa Mrumbi, kwenye ziwa hili hili. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wane walitangazwa wenye heri hapa Uvira.

Basi mutu aliyefiwa Baraka atazame picha ile: atawaza nini? Amekwisha kuambiwa nani ni Kristu. Hakubaki nafasi ya kuuliza juu ya waliouawa na wenye kulitaja jina lake. Hapo ndipo tunaona upungufu wa picha, kwa kipimo cha muchoraji mwenyewe: inakumbusha kifo kimoja na kufunika vingine.

Muchoraji wa Uvira akijaribu kumuchora Padri Carrara, magoti atayaweza, na ziwa pia. Lakini mbele ya padri anasimama mutu mwenye bunduki, na waasi wengi walikuwa watoto wa inchi hii. Tungependa kuona atamupa uso gani.